Padri Surin na Ugonjwa wa Huzuni

Ndugu mapadri, wafratri na makatekista, mara nyingi tunasikia katika kitubio maneno ya namna hii: «Padri, siwezi tena kusali. Moyo wangu umekuwa kama jiwe. Usiku sipati usingizi. Ninaogopa, wala sijui ninaogopa nini.» Nasi, kwa sababu watu wengi wanangoja inje, tunajibu upesi: Sali zaidi, funga, fukuza uvivu. Sisi wenyewe tulimjibu hivi kijana mmoja, naye hakurudi tena kwetu. Ndiyo maana tumetafuta katika historia ya Eklezya, tuone kama wazee wetu walijibu vile vile.

Tuanze na wamonaki wa jangwa la Misri. Evagri wa Ponto, aliyekufa mwaka 399, alihesabu mawazo mabaya manane yanayomshambulia mmonaki. Kati yao mna huzuni, na mbali na huzuni mna jambo lingine linaloitwa kwa Kigriki akedia, ndiyo kuchoka kwa roho. Mmonaki anatazama jua, anaona kama halisogei. Anachungulia mlangoni, labda mgeni atakuja. Anachukia chumba chake, kazi yake na ndugu zake. Yoane Kasiano alichukua mafundisho hayo mpaka Marseille, na dawa yake ilikuwa hii: usikimbie, fanya kazi ya mikono. Kwa mseminari aliyechoka na masomo ni dawa nzuri, tumeiona ikiponya. Lakini Papa Gregori Mkubwa, aliyekufa mwaka 604, aliyaweka mambo yale mawili chini ya jina moja la huzuni, na nyuma yake watu wengi wakazoea kuita yote uvivu. Hivi mgonjwa na mvivu wakavikwa nguo moja.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino (1225-1274) hakuchanganya. Alifundisha kwamba huzuni inayomjia mtu si dhambi kwa yenyewe; dhambi inaingia pale akili na utashi vinapokubali kuchukia mema ya Mungu. Tena katika Summa yake alitaja dawa tano za huzuni: furaha, machozi, huruma ya rafiki, kutazama ukweli, na ya tano, inayowachekesha wafratri kila mwaka, kulala na kuoga. Mwalimu mkubwa wa teolojia anamtuma mwenye huzuni kwenye maji! Lakini tusicheke sana. Elia alipoomba kufa chini ya mti, malaika hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kiisha akamwamsha ale tena.

Sasa tufike kwa Padri Jean-Joseph Surin. Alizaliwa Bordeaux, katika Ufaransa, mwaka 1600, akaingia shirika la Majezuiti angali kijana. Mwaka 1634 wakubwa wake walimtuma Loudun kwa masista Waursula walioteswa, watu walisema, na mashetani. Surin aliona huruma juu ya mama mkubwa wao, akamwomba Mungu ayachukue yeye mwenyewe mateso yake. Kisha akaanguka katika ugonjwa uliodumu karibu miaka ishirini. Akawa bubu kwa siku nyingi. Kuvaa nguo kulimshinda. Hakuweza kushika kalamu. Na jambo baya kuliko yote: aliamini kwamba Mungu amekwisha kumhukumu, hata kutenda mema kukaonekana kwake kama kosa, kwa sababu mtu wa motoni hana haki ya kutenda mema. Mwezi wa Mei 1645, katika nyumba ya Majezuiti ya Saint-Macaire, iliyojengwa juu ya mwamba karibu na mto Garonne, alijitupa dirishani. Alivunjika mfupa wa paja, akachechemea mpaka kufa.

Wenzake wengine walimwona mwenda wazimu tu, na wale waliomtunza hawakuwa wote wapole. Lakini Padri Bastide alimchukua kwake akamtendea kwa upole. Hakungoja apone ndipo amheshimu. Katika miaka ile Surin, asiyeweza kuandika, alisema kwa kinywa na wengine wakaandika, na hivi kikapatikana kitabu Catéchisme spirituel. Pole pole usemi ukarudi, mkono ukarudi, hata akahubiri tena na kutembelea watu wa vijijini. Mwaka 1663 aliandika mwenyewe habari ya mateso yake. Akafa mwaka 1665.

Surin alifikiri kwamba shetani ndiye aliyemtesa. Wala sisi hatuwezi kumpima mtu aliyekufa zamani hivi. Lakini waganga wa leo wakisikia habari ya mtu aliyekosa usingizi na nguvu kwa majuma mengi, anayejiona hana thamani, anayetamani kufa, wanaita jambo hilo ugonjwa, na wana dawa na mazungumzo ya kuutibu. Bukavu, katika kituo cha SOSAME, Mabruda wa Karita wanatunza wagonjwa wa namna hiyo. Shirika lao lilianzishwa Gand, Ubelgiji, mwaka 1807 na padri Petrus Jozef Triest. Kumpeleka mtu huko si kumwondoa katika sala. Padri Bastide alisali, tena alimpatia ndugu yake nafasi ya kukaa.

Limebaki jambo moja kwa makatekista, maana wao ndio wanaoitwa kwanza msiba ukitokea. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 ilikataza maziko ya kikristu kwa mtu aliyejiua kwa kusudi, akili zake zikiwa timamu. Sheria ya mwaka 1983 haikumtaja tena kati ya wanaonyimwa maziko. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba ugonjwa mkali wa moyo na akili, ao woga mkubwa, vinaweza kupunguza hatia yake, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Inasema pia kwamba Eklezya inamwombea. Walakini hata sasa tumeona vijiji ambamo mtu wa namna hii anazikwa jioni bila msalaba, na mama yake haambiwi neno hata moja. Katekista akiitwa huko, aende na kitabu chake cha sala.