Historia: Kukariri pekee hakumwezeshi mtahiniwa kupata alama

KATIKA shule nyingi za upili nchini, somo la Historia na Serikali lina sifa mbili zinazokinzana. Kuna wanafunzi wanaolichagua wakidhani ni jepesi kwa kuwa halina hesabu wala maabara, na kuna wanaolikimbia kwa kuhofia wingi wa tarehe na majina. Makundi yote mawili hulichukulia kuwa somo la kukariri. Matokeo ya dhana hiyo huonekana katika chumba cha mtihani, pale mtahiniwa anapojaza kurasa nyingi na kuambulia alama chache.

Mwenye kudurusu sharti kwanza aufahamu mtihani wenyewe. Katika KCSE, ambayo wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wanatarajiwa kuifanya mwaka wa 2027, somo hili lina karatasi mbili. Ya kwanza huhusu historia na serikali ya Kenya, na ya pili hugusa Afrika na ulimwengu kwa jumla. Kila karatasi huchukua saa mbili na nusu. Sehemu A huwa na maswali mafupi ya lazima yenye alama 25. Katika Sehemu B mtahiniwa huchagua maswali matatu kati ya manne, na katika Sehemu C mawili kati ya matatu, kila swali likiwa na alama 15. Kwa hivyo alama 75 kati ya 100 hutokana na maswali matano marefu, na hapo ndipo wengi huanguka.

Swali refu hugawanywa mara mbili: kipande cha alama tatu na kingine cha 12, au cha tano na cha 10. Kipande kidogo humtaka mtahiniwa ataje tu. Kile kikubwa humtaka afafanue, na kwa kawaida kila hoja iliyofafanuliwa vyema huwa na alama mbili. Katika Kiingereza, lugha ya mtihani, amri ya kutaja huja kwa maneno kama ‘state’, ‘give’ au ‘identify’, na ya kufafanua kwa ‘explain’, ‘describe’ au ‘discuss’. Mwanafunzi anayeorodhesha hoja sita bila maelezo pale alipotakiwa afafanue hujinyima alama ambazo tayari zilikuwa mikononi mwake.

Chukua mfano wa Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu 1901. Akiulizwa matokeo yake, mwanafunzi aliyekariri huandika kwamba reli ilileta maendeleo. Kauli hiyo haisemi lolote. Inaweza kuandikwa kuhusu barabara, bandari au hata posta. Aliyeelewa ataandika kwamba Nairobi, iliyokuwa kambi ya reli mwaka wa 1899, ilikua kuwa mji na kuchukua nafasi ya Mombasa kama makao makuu ya utawala mwaka wa 1905. Ataongeza kwamba Waingereza, wakitaka reli igharimie uendeshaji wake, waliwahimiza walowezi kulima mazao ya kuuza nje, na kwa sababu hiyo Waafrika wakapokonywa ardhi. Pia atakumbuka kwamba baadhi ya vibarua waliotoka Bara Hindi walibaki nchini. Kila hoja ina tukio na athari yake, na msahihishaji hahitaji kubahatisha mtahiniwa alikusudia nini.

Mfano huohuo unafichua kosa jingine. Kujengwa kwa reli kulikuwa na sababu zake: kuifikia Uganda na chanzo cha Mto Nile, kurahisisha usafirishaji wa wanajeshi na kukomesha biashara ya watumwa. Hizi ni sababu, si matokeo. Anayezihifadhi zote chini ya kichwa kimoja cha ‘Reli’ huzichanganya anapobanwa na saa. Inafaa kila mada igawanywe kwa sababu, mwenendo na matokeo, kila kimoja na ukurasa wake.

Tarehe nazo zisiogopwe, ila zisikaririwe kama nambari za simu. Hukumbukwa kwa urahisi zinapounganishwa katika mnyororo mmoja. Mwaka wa 1944 Eliud Mathu aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka wa 1952 hali ya hatari ilitangazwa kutokana na vita vya Mau Mau. Serikali ya kikoloni, ikiwa imebanwa, ilileta Katiba ya Lyttelton mwaka wa 1954, na Machi 1957 Waafrika wanane wakachaguliwa barazani. Walipoikataa katiba hiyo, Katiba ya Lennox-Boyd ya 1958 iliongeza viti hivyo hadi 14. Hawakuridhika, na mwaka wa 1960 mazungumzo yakafanyika Lancaster House, London. Anayejua kwamba kila hatua ilizaliwa na iliyotangulia hawezi kuweka Lennox-Boyd kabla ya Lyttelton. Mnyororo huo humwonyesha pia kwa nini Juni 1, 1963 ni siku ya madaraka ya ndani, Desemba 12, 1963 ni ya uhuru, na Desemba 12, 1964 ni ya jamhuri. Wengi bado huchanganya siku hizo tatu.

Hatari isiyozungumzwa vya kutosha ni ile ya daftari la urithi. Ni kawaida mwanafunzi kupewa maandishi ya kaka au dada aliyemaliza shule miaka mingi iliyopita. Kwa vita vya Wanandi au Kongamano la Berlin la 1884-1885, daftari hilo laweza kufaa. Kwa mada za serikali laweza kumwangamiza. Tangu Katiba ya Agosti 27, 2010, muundo wa serikali umebadilika kabisa: kuna kaunti 47, Seneti yenye wanachama 67 pamoja na Spika wake, Mahakama ya Juu, na mawaziri wasiokuwa wabunge. Wadhifa wa Waziri Mkuu uliotokana na mapatano ya 2008 ulikoma mwaka wa 2013. Hali ni hiyo hiyo katika karatasi ya pili. Umoja wa Afrika ulichukua nafasi ya OAU mwaka wa 2002, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo madaftari mengi huipa wanachama watano, sasa ina wanane baada ya kujiunga kwa Sudan Kusini (2016), Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (2022) na Somalia (2024).

Kuhusu namna ya kudurusu, kusoma ukurasa uleule mara tano humpa mwanafunzi matumaini ya uongo, kwani maneno huanza kuonekana yamezoeleka. Ni heri asome mara moja, afunge kitabu, aandike anachokumbuka, kisha afungue aone alichoacha. Zoezi hilo lirudiwe baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Maswali ya miaka iliyopita yana manufaa makubwa, mradi yatumiwe kujizoeza kujibu. Anayeyatumia kubashiri mada zitakazotahiniwa, na kuziacha nyingine, anacheza kamari.

Mazoezi hayo yafanywe kwa mkono na kwa saa mezani. Dakika 150 zikigawanywa vizuri, Sehemu A ipewe 30 na kila swali refu 22, kutabaki dakika 10. Sehemu ya dakika hizo itumike mwanzoni kuchagua maswali. Kabla ya kuchagua swali, mtahiniwa asome vipande vyote viwili: kuna maswali ambayo kipande cha alama tatu huvutia sana, na mwanafunzi hugundua baadaye kwamba hana hata hoja mbili za kile cha alama 12.