Nani Kakuleta?

Mwaka 1985 nilikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, ile ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Mshahara uliisha kabla ya tarehe 15. Kurudi nyumbani Mbagala kula mchana na kuwahi zamu lilikuwa jambo lisilowezekana. Aliyetulisha ni mama ntilie.

Jina hilo lilizaliwa benchini: "Mama, nitilie!" Nitilie mchuzi, nitilie maharage. Baadaye wengine waliliona la dharau, wakapendelea mama lishe. Mimi silioni dharau yake. Ni jina walilolitunga wenye njaa wakimwita mtu waliyemtegemea.

Mama wetu alipika ugali na maharage ya nazi, na siku za mshahara samaki wa kukaanga kutoka soko la Feri. Alikuwa na majiko mawili ya mkaa, benchi la mbao za makasha na sahani za bati. Kibao hakuwa nacho, na kingemponza. Ile sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 ilikuwa inafanya kazi: mtu asiyetambuliwa kuwa na kazi aliweza kukamatwa mjini na kupelekwa kijijini akalime. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku ili viwanda visilale njaa alihesabiwa hana kazi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Basi alihamahama. Leo yuko nyuma ya ukuta wa karakana, keshokutwa chini ya mwembe karibu na reli. Asubuhi alimnong'oneza mlinzi wa lango aliyekuwa anatoka zamu ya usiku. Mlinzi akampa neno msukuma mkokoteni, naye akalifikisha kwetu pamoja na marobota ya karatasi. Ikikaribia saa sita fundi mkuu alipita nyuma yangu na kusema neno moja tu: "Mwembeni." Saa sita na robo benchi limejaa, na mgambo hajui.

Neno lile lilikuwa na dhamana. Mgeni hakupakuliwa mpaka ajibu swali: "Nani kakuleta?" Aliyetajwa, siku hiyo aliongezewa upawa mmoja wa maharage. Lakini mgeni akila kwa mkopo kisha akatoweka, deni lilihamia kwenye ukurasa wa aliyemleta katika daftari la Mama. Nililipa hivyo mara moja, chakula cha wiki mbili cha kuli niliyemsifu kwa sababu alikuwa mcheshi. Tangu hapo nilijifunza kupima maneno yangu kabla ya kumsifu mtu, au kumsifia mtu chakula.

Simu zilipoenea, wateja walianza kuagiza kwa ujumbe, na tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008 hata malipo yakapita humo. Lakini kilichoifaa kazi hii kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni stetasi ya WhatsApp ya mwaka 2017: picha hukaa saa 24, kisha hufutika. Ni umri wa sufuria ya wali. Binti yake Mama, anayepika Buguruni sasa, hupiga picha ya pilau saa nne asubuhi, anaandika bei na mahali alipo. Saa nane anaweka picha ya sufuria tupu. Habari inatoka kwake mwenyewe, mchana kweupe, na kila nikiiona nafurahi kwa niaba ya mama yake.

Hata hivyo picha yake inawafikia tu wale waliohifadhiana namba naye. Ili ivuke hapo, lazima mlaji aichukue na kuiweka kwake. Mimi huiweka kila Ijumaa.

Ijumaa iliyopita kijana wa jirani yangu alinitangulia kufika. Mama, ambaye siku hizi hukaa pembeni akichambua mchele, alimwuliza.

"Nani kakuleta?"

"Nimeona kwenye simu, bibi. Kwa yule mzee wa uchapaji."

Nilipokaa, alimwita binti yake, akaunyooshea kidole upawa, kisha sahani yangu.