Vitanda Vilivyotakiwa Upesi

Juma hili turudi nyuma hadi mwezi Machi 2020, huko Uingereza, wakati korona ilipokuwa ikibisha hodi katika kila wodi.

Kwa miaka mingi hospitali za nchi ile zilikuwa na wagonjwa wa namna ya pekee. Hawa ni wazee waliokwisha kupona maradhi yaliyowaleta, lakini hawawezi kurudi kuishi peke yao. Wanangoja nafasi katika makao ya wazee, au mtu wa kuwahudumia nyumbani. Wengine waliwaita waziba vitanda, jina baya kwelikweli, maana mzee hakuomba kukaa pale. Kilichomkalisha aghalabu ni hesabu. Matibabu ya hospitali hulipwa na serikali, bali matunzo ya baadaye ni mzigo wa halmashauri au wa mzee mwenyewe, kwa kadiri ya mali yake. Wakati wakubwa wakibishana nani alipe, mzee alingoja hata majuma.

Ndipo ikaja korona. Tarehe 17 Machi wakuu wa huduma ya afya waliziagiza hospitali ziwaondoe wote walio tayari kuondoka, wakitumaini kupata vitanda 15,000. Siku mbili baadaye ukaja mwongozo: mgonjwa akishaonekana yu tayari, atoke wodini kwa saa moja, na kwa kawaida awe ameondoka hospitali saa mbili baadaye. Na fedha je? Serikali ilitoa pauni bilioni 1.3. Ubishi wa miaka na miaka ukaisha.

Lakini vipimo vilikuwa haba. Kati ya tarehe 17 Machi na 15 Aprili, watu wapatao 25,000 walitolewa hospitali na kupelekwa katika makao ya wazee, wengi wao bila kupimwa. Mwongozo wa tarehe 2 Aprili ulisema wazi kwamba si lazima mtu apimwe kwanza. Tarehe 15 Aprili ndipo serikali ilipotangaza kuwa kila anayehamishwa atapimwa. Fikirini, basi, mzee anaingia katika nyumba ya watu dhaifu kama yeye, hakohoi, hana homa, na hakuna aliyeambiwa amtenge.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Hospitali za Italia zilikuwa zimekwisha kufurika, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Tena virusi viliingia katika makao hayo kwa njia nyingine pia, hasa kupitia wafanyakazi, ambao baadhi yao walihudumu katika nyumba zaidi ya moja.

Hata hivyo, wanawake wawili waliofiwa na baba zao katika makao hayo waliishtaki serikali. Tarehe 27 Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa sera ile ilivunja sheria. Majaji hawakusema kuondoa wagonjwa ni kosa. Kosa lilikuwa kutoshauri kwamba wazee wasio na dalili watengwe kwa siku 14, kadiri ilivyowezekana.

Zile fedha maalumu zilikuwa zimekoma mwezi mmoja kabla ya hukumu. Januari 2023, kila siku wagonjwa wapatao 14,000 walikuwa wamelala katika hospitali za England, wamepona, wakingoja mahali pa kwenda.