Floribert Bwana Chui

Floribert Bwana Chui bin Kositi (13 Juni 1981 – Julai 2007) alikuwa mwanasheria na mkaguzi wa bidhaa mjini Goma, Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliuawa akiwa na miaka 26, baada ya kukataa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri na mfiadini tarehe 15 Juni 2025. Hakuacha kitabu, wala hakuwahi kujaza ukumbi kwa hotuba. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua Goma imewapa vijana wa Afrika mafundisho gani kuhusu kuinuka kimaisha itambidi aanze na kijana huyu.

Maisha ya awali

Alizaliwa Goma wakati nchi ikiitwa Zaire, chini ya Mobutu. Alikuwa na miaka 13 mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika mjini kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikaanza kuua watu ovyo. Vita vya 1996 vilimkuta angali mwanafunzi, na vile vya 1998 vikaufanya mji wake kuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Kizazi chake kilikua kikishuhudia nyumba, duka na akiba ya miaka mingi vikipotea kwa siku moja. Kizazi cha namna hiyo huweza kuamini kwa urahisi kwamba mwenye akili ni yule anayekamata kilicho mbele yake leo.

Yeye alisomea sheria. Katika miaka ya uanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi pamoja na wanafunzi wenzake wa sekondari. Nje ya Kanisa jumuiya hiyo inajulikana zaidi kwa kusuluhisha vita vya Msumbiji, vilivyomalizwa kwa mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Mjini Goma jumuiya hiyo ilikuwa na kazi ndogo zaidi na ya kila siku. Vijana wake waliendesha Shule ya Amani kwa ajili ya maibobo, watoto wa mitaani ambao wapita njia waliwaona kama wezi watarajiwa. Floribert alikuwa mmoja wa waliowafundisha kusoma, waliowatafutia nafasi shuleni na kula nao meza moja. Wengi humkumbuka kwa kifo chake tu, na kwa hiyo sehemu hii ya maisha yake husahauliwa. Ni hasara, kwa sababu kijana aliyezoea kula na watoto hao aliwajua kwa sura watu ambao baadaye wangeuziwa mchele mbovu.

Kazi mpakani

Magazeti ya nje mara nyingi humwita afisa forodha. Ukweli ni kwamba alifanya kazi OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa ubora, iliyoanzishwa 1974 kwa jina la OZAC. Forodha hutoza ushuru, ilhali OCC huthibitisha kwamba bidhaa inafaa kutumiwa. Baada ya kipindi cha kazi Kinshasa alirudi nyumbani mwaka 2007 na kukabidhiwa shughuli za bidhaa zilizoharibika. Jukumu lake lilikuwa kusema shehena ipi ipite na ipi iteketezwe.

Goma na Gisenyi, mji wa Rwanda, zimeshikana kiasi kwamba mgeni haoni mji mmoja unapoishia. Wafanyabiashara wadogo huvuka Petite Barrière kwa miguu, vikapu kichwani, na magari makubwa hupita Grande Barrière. Chakula cha viwandani na mchele wa kutoka ng'ambo hufika kwa malori baada ya safari ndefu kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Njiani kuna jua, mvua na foleni za siku nyingi, na mzigo unaweza kuoza kabla ya kufika. Hapo mwenye mali hubaki na njia mbili: akubali hasara, au amtafute mtu mwenye mhuri. Mkaguzi mwenye mshahara mdogo wa serikali ya Kongo hakutarajiwa kuwa na ugumu wa kuchagua.

Shehena iliyomgharimu maisha ilitoka upande wa Rwanda. Floribert aliona haifai kuliwa. Fedha zikaletwa, kisha zikaongezwa, na simu za kumshinikiza zikafuata. Alimwendea mtawa aliyekuwa daktari, wakijuana, akamuuliza chakula cha aina ile kingemfanyia nini mtu atakayekila. Swali hilo linaonyesha jinsi alivyofikiri: kabla ya kujiuliza yeye angepata nini au angepoteza nini, alitaka kujua kitakachotokea tumboni mwa mlaji. Alipojibiwa, alikataa fedha na chakula kikateketezwa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Mwili wake uliokotwa ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na mchumba, na mipango ya ndoa ilikuwa imeanza.

Mafundisho

Ili kuyapima mafundisho yake ni lazima kwanza kujua yale aliyoyakuta. Kila Mkongo anaijua Article 15, kifungu ambacho hakimo katika katiba yoyote na bado ndicho kinachofuatwa kuliko vyote: jipange mwenyewe. Masimulizi huihusisha na dola ya Kasai Kusini ya Albert Kalonji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifungu hicho kina heshima yake. Ndicho kilichomwezesha mama wa soko la Virunga kufungua meza yake ya unga wiki moja baada ya lava, na kijana wa chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, kubeba mzigo kutoka Kibumba bila mshahara wa mtu. Lakini kina upande wa pili. Mwaka 1976 Mobutu mwenyewe, katika hotuba ya hadhara, aliwaambia watu kwamba anayeiba aibe kidogo kidogo na kwa akili. Baada ya hapo matabishi, yaani bakshishi, yalikuwa na baraka ya mkuu wa nchi. Rushwa ikapewa jina la upole la Kilingala, madesu ya bana, yaani maharagwe ya watoto, kana kwamba anayepokea anafanya wajibu wa mzazi.

Floribert alilijibu somo hilo bila kuliandika. Yaliyohifadhiwa na rafiki zake ni mazungumzo machache, na yanarudi kwenye mambo mawili. La kwanza ni kwamba fedha ile ingekwisha upesi, lakini wale waliokula chakula kile wangebaki na madhara yake. La pili ni swali alilojiuliza kama Mkristo: je, ninaishi katika Kristo au la? Kwake majibu ya maswali hayo mawili hayakuweza kutengana. Madesu yake yangewalisha watoto wake kutoka kwenye sahani ya watoto wa wengine.

Hapa ndipo anapotofautiana na wahamasishaji wengi. Tangu Samuel Smiles alipochapisha Self-Help huko Uingereza mwaka 1859, mafundisho ya kuinuka kimaisha yameanza na mtu binafsi na nia yake, hata pale yanaposisitiza tabia njema kama alivyofanya Smiles. Wasomaji wa Kiswahili wanaye mfanyabiashara wa Tanzania Reginald Mengi, ambaye kitabu chake cha 2018, I Can, I Must, I Will, kinaeleza alivyotoka katika umaskini wa Machame hadi utajiri. Ni mafundisho yenye manufaa, na vijana wa Goma wanayahitaji. Ila swali la mpakani haliulizi kama unaweza. Mkaguzi aliweza kabisa kupokea, na maisha yake yangenyooka.

Wapo wanaosema mfano wa mfiadini ni mzito mno kwa karani mwenye watoto wanne na mshahara uliochelewa miezi mitatu. Hoja hiyo ni ya haki. Jibu lake bora lilitolewa Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alipozungumza na makumi ya maelfu ya vijana katika Uwanja wa Mashahidi. Aliwafundisha kwa vidole vya mkono: kidole gumba ni sala, cha pili jumuiya, cha kati uaminifu, cha nne msamaha, cha mwisho huduma. Alipofika kidole cha kati alimtaja Floribert. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Uaminifu ulikuja wa tatu, ukitanguliwa na sala na watu. Floribert hakusimama mpakani kwa nguvu ya nia peke yake. Alikuwa na kundi la kusali nalo jioni, alikuwa na rafiki wa kumuuliza, na alikuwa na watoto waliomngoja Shule ya Amani. Anayewahimiza vijana wakatae rushwa bila kuwatafutia wenzao wa kukataa nao anawatwika mzigo ambao Floribert mwenyewe hakuubeba peke yake.

Kutangazwa mwenye heri

Amri ya kutambua ufiadini wake ilitolewa na Papa Fransisko tarehe 25 Novemba 2024. Wafiadini wengi huuawa kwa kukataa kukana imani waziwazi. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa Kinshasa mwaka 1985, alikufa akitetea nadhiri zake za kitawa. Kwa Floribert, Kanisa lilikubali kwamba kukataa kupitisha chakula kibovu kunaweza kuwa ushuhuda wa imani. Kwa wafanyakazi wa ofisi za serikali katika ukanda wote huu, uamuzi huo una uzito.

Goma haikuweza kumwadhimisha mtoto wake nyumbani kwa sherehe kubwa ya namna hiyo. Mji ulikuwa umeangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Misa ikafanyika Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro. Siku iliyofuata Papa Leo XIV aliwapokea mahujaji, akiwemo mama yake Floribert, Gertrude Kamara Ntawiha. Sikukuu ya Floribert ni 8 Julai. Huko Mugunga, magharibi mwa mji, Jumuiya ya Mtakatifu Egidio iliipa jina la kijana huyo shule iliyoijenga kwa ajili ya watoto waliokimbia vita.