Jukwaa, na Mwenye Mbao Zake

Katika mitaa ya Jericho, Ofafa Jericho na Lumumba, iliyo mashariki ya Nairobi karibu na barabara ya Jogoo, neno "platfomu" limekwisha kuwa la kila siku. Fundi cherehani hulitumia, mwalimu wa shule hulitumia, kijana atengenezaye simu hulitumia, na kila mmoja wao, akiulizwa muradi wake, hutoa maana iliyo mbali kidogo na ya mwenziwe. Wa kwanza hukusudia mahali ambapo watu wa kazi moja hukutana kwa njia ya simu. Wa pili hukusudia programu ambayo juu yake programu nyingine hujengwa. Wa tatu hukusudia soko lisilo na kuta, ambalo mwenyewe hauzi kitu chochote bali hukaa mlangoni akitoza ushuru wa kila anayeuza. Kiswahili kimezijibu maana hizi zote tatu kwa neno moja, jukwaa, na jibu hilo limekubaliwa bila ya ugomvi, tofauti na lililotokea kwa kompyuta, ambayo vitabu vya shule vya Kenya viliipenda kwa jina la tarakilishi ilhali jirani zetu wa Tanzania waliendelea na kompyuta yao. Mimi sina nia ya kulipinga neno lililokubaliwa. Nataka tu kuonyesha kwamba anayetaka kuichagulia jumuiya ya wanataaluma mahali pa kukutania mtandaoni atadhurika asipozitenga maana hizo, kwa sababu lile analoliona machoni na lile linaloamua hatima ya jumuiya yake si kitu kimoja.

Jukwaa, kwa matumizi yake ya zamani, ni kitu kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa mbao na nguzo: kile ambacho mwashi hukipanda ili aufikie ukuta, au kile ambacho msemaji husimama juu yake ili aonekane na walio nyuma. Kutoka hapo neno likaingia katika michezo ya kuigiza na katika ngoma, kisha katika siasa, kisha katika mpira; na katika safari hiyo lilipatwa na jambo la ajabu. Katika mkutano wa siasa aliye jukwaani ni msemaji, na umati u chini yake ukisikiliza. Katika uwanja wa mpira mambo ni kinyume: nenda City Stadium, uwanja ulio kando ya barabara ya Jogoo na ambao mwaka 2019 ulipewa jina la Joe Kadenge baada ya mchezaji huyo kufariki, nawe utasikia kuwa jukwaa kuu limejaa, yaani watazamaji ndio walioketi juu, na wenye kutoka jasho wako chini nyasini. Basi neno hilo hilo moja humpandisha msemaji huku, na humpandisha msikilizaji kule.

Haya si mchezo wa maneno. Ukiingia katika kundi la WhatsApp ambalo msimamizi wake, au admini kama aitwavyo mtaani, ameamuru kwamba yeye na wasaidizi wake peke yao ndio wenye ruhusa ya kuandika, umeingia katika jukwaa la mkutano wa siasa. Na ukiingia katika lile ambalo kila mtu huandika wakati wowote atakao, salamu za asubuhi zikifuatana na matangazo ya mikopo na video zilizopelekwa mara elfu, umeingia katika jukwaa la mpira siku ambayo watazamaji wote wamevamia uwanja. Jumuiya ya wanataaluma haitaki hili wala lile. Mwanachama wake ni msemaji juu ya jambo alijualo na msikilizaji juu ya jambo asilolijua, na huenda akawa hivi na vile katika saa moja. Kwa hiyo swali la kwanza la mchaguzi, kabla ya kuuliza bei wala uzuri wa rangi, ni kama chombo alichokitazama kinaweza kuzigawa mada, ili mwenye swali la kitambaa asilazimike kupita katika mazungumzo ya msiba na ya harusi ndipo alifikie jibu lake.

Kuna wanaosema kwamba neno lililofaa lilikuwa baraza, nami kwa muda mrefu niliwaunga mkono kimoyomoyo. Baraza ya pwani ni kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba, nje ya mlango, na uzuri wake ni kuwa mwenye nyumba anajulikana, walioketi wanajijua kuwa ni wageni wake, na anayepita njiani huweza kusalimu, kuketi, au kuendelea na safari yake bila ya kumtia mtu kinyongo. Walakini neno hilo, lilipopanda bara, lilichukuliwa na serikali ya kikoloni kuwa jina la mkutano ulioitwa na mkuu wa wilaya au chifu, ambapo mmoja alisema na wengine waliketi kwenye majani wakiambiwa. Na ijapokuwa gazeti lililoitwa Baraza, lililoanza kutolewa Nairobi mwaka 1939 na wenye East African Standard, lilijaribu kulirudishia neno hilo wasaa wake, mtu wa Jericho hata leo akisikia "baraza" huuliza ni chifu gani aliyeita. Ulingo nao, ambao asili yake ni kichanja cha shambani ambacho mlinzi hukaa juu yake akifukuza ndege, umekwisha kutwaliwa na mabondia na wanasiasa, na una taksiri nyingine, kwamba umejengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kombeo. Ukumbi unafaa kwa yaliyofungwa kwa mlango, lakini hauelezi kuwa chini ya sakafu pana kitu. Jukwaa linaeleza, mtu akilisikia anajua kuwa zipo mbao, na mbao zina mwenyewe.

Hapa ndipo maana ya pili inapohitaji jina lake. Ushahidi, programu iliyozaliwa Nairobi mapema mwaka 2008 katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, haikuwa mahali pa watu kukutana tu, bali ilikuwa kitu ambacho wengine, katika nchi nyingine na kwa misiba mingine, waliweza kukichukua na kuchorea juu yake ramani zao wenyewe. Kitu cha namna hiyo mimi ningekiita mfumo, na jukwaa ningelibakizia mahali pa kukutana. Wafanyabiashara wakati mwingine huwatangulia wanaistilahi: Safaricom ilipotaka kuwafungulia watengenezaji wa programu njia ya kuunganisha kazi zao na M-Pesa, haikungoja kamati, iliipa njia hiyo jina la Daraja, na kila kijana wa kazi hiyo analitamka bila ya kuhisi kuwa anatafsiri.

Tuiweke istilahi katika kazi sasa. Soko la Uhuru, lililo jirani na Jericho, linajulikana kwa mafundi wake wa nguo. Na Mary Njeri Kinyanjui, katika kitabu chake cha mwaka 2019 juu ya masoko ya Nairobi na biashara yenye msingi wa utu, amewaeleza wenye vibanda vya masoko ya namna hii kuwa ni watu wanaoshirikiana nafasi, wanaofundishana kazi, na wanaowekeza kwa pamoja, si kila mmoja kwa nafsi yake. Tuseme basi kwamba mafundi cherehani wa upande huu wamekusudia kuwa na jumuiya ya mtandaoni. Mambo watakayoambizana yanajulikana: ni duka lipi limepata kitambaa cha sare kisichopauka, ni nani awezaye kuitengeneza cherehani ya ovaloki iliyoharibika, oda kubwa ya shule igawanywe vipi kati ya vibanda sita ili itimie kabla ya muhula kuanza, na ukataji wa mkono wa koti ufanyweje usikunjamane kwapani. Mambo mawili ya kwanza ni ya leo na kesho huwa yamechakaa. La tatu ni la wiki chache, nalo lina fedha ndani yake. La nne ni la miaka, nalo ndilo taaluma yenyewe.

Kwa ya leo, WhatsApp haina mshindani, na sababu yake si ubora wake bali ni kwamba kila fundi tayari anayo katika simu yake na bando analolinunua humtosha. Jumuiya haianzii mahali ambapo wanachama wanatakiwa kwanza wajifunze mlango. Kundi lake lilikuwa na mpaka wa watu 256 tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 mpaka huo ukapandishwa hadi 512 kisha 1,024, kiasi ambacho kwa mafundi wa mtaa ni zaidi ya haja. Lakini kwa yale ya miaka, chombo hicho ni dhaifu. Kwa muda mrefu wa maisha yake, mgeni aliyeingizwa katika kundi hakuyaona yaliyosemwa kabla ya kuingia kwake, kwa hiyo swali la mkono wa koti liliulizwa upya kila alipokuja fundi mpya, na wazee waliojibu mara ya kwanza walichoka kujibu mara ya tano. Fauka ya hayo, katika kundi la kawaida nambari ya simu ya kila mmoja iko wazi kwa wote, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye kibanda, anayetafutwa na wateja mchana na asiyetaka kutafutwa na mtu usiku, si dogo.

Telegram hupokea hadi watu 200,000 katika kundi moja, humwonyesha mgeni ya zamani ikiwa kundi limeruhusu, na huweza kuificha nambari. Lakini Novemba 2023, wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE, iliwakwamia watumiaji wengi wa Kenya, na Novemba 2024, wakati kama huo, ikawakwamia tena. Slack, inayopendwa na vijana wa programu, huzigawa mada kwa unadhifu, ila tangu Septemba 2022 asiyelipa huonyeshwa mazungumzo ya siku 90 tu. Na isidhaniwe kuwa ukubwa ni amani: tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp na ndugu zake Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, na Google+, mali ya kampuni ambayo hakuna aliyeishuku kwa ufukara, ilifungwa kwa watu wa kawaida Aprili 2019, na waliokuwa wamejenga jumuiya zao humo walipewa muda wa kufungasha.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa na mafundi hao, ningewaambia wasichague jukwaa moja. Mazungumzo ya leo yabaki WhatsApp, yakiwa na wasimamizi wasiopungua wawili ili kundi lisiwe yatima simu moja ikiibwa katika matatu. Na yale ya miaka, yaani michoro ya ukataji, majina ya wanachama na hesabu za oda, yahifadhiwe pengine, katika mafaili ya kawaida ambayo yanaweza kufunguliwa na programu yoyote, chini ya amana ya katibu anayewajibika kwa jumuiya na si kwa kampuni. Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi mbili. Ndiyo, ni mbili, na katibu asiyeitaka ya pili ni afadhali ajulikane mapema.

Imebaki istilahi moja ambayo bado haijapata jina lililotulia, nayo ni ile haki ya kuondoka na vilivyo vyako. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inayo, katika kifungu cha 38, na wenye kuitafsiri husema mara "uhamishikaji wa data", mara "ubebekaji", maneno ambayo fundi hawezi kuyatamka akiwa na pini mdomoni. Mimi ningesema haki ya kuhama na mali, kwa kuwa hilo ndilo linalokusudiwa. Ila asomaye kifungu hicho na aangalie kwamba haki hiyo amepewa mtu, mmoja mmoja, juu ya taarifa zake mwenyewe. Jumuiya, kwa jina la jumuiya, haikutajwa. Kundi la mafundi mia mbili likitaka kuhama, kila fundi atadai vyake, na mazungumzo yaliyozaliwa baina yao, ambayo si ya huyu wala ya yule, yatabaki kwa mwenye mbao isipokuwa mtu fulani alikuwa akiyanakili tangu mwanzo.