Mwenye Wimbo ni Nani?

Kisiwani Pemba, tangu Mgogoni hadi Chake Chake, shairi la kale lilikuwa na mwenyewe. Kamange na Sarahani, mabingwa wa kisiwa hicho katika karne ya 19, walijibizana kwa tungo, na kila jibu likajulikana limetoka kwa nani. Isitoshe, desturi ya washairi ilikuwa kutia jina katika beti za mwisho. Mwenye kughani, apende asipende, humtaja mtunzi.

Santuri ikabadili mambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake kwenda Bombay kurekodi. Upande mmoja wa sahani ulichukua yapata dakika tatu tu. Nafasi ya beti za kuagia ikawa finyu. Nyimbo zile, zilizosema hata dhuluma za mahakamani, zilitungwa kwa ushirika na akina Subeti bin Ambari na Mwalimu Shaaban. Walimwengu wakaziita nyimbo za Siti.

Siti aliistahiki sifa yake: bila ya sauti ile, maneno yangeishia barazani. Lakini msikilizaji, awe Mgogoni au kwengineko, ana deni. Akishamtaja aliyeimba, na aulize: nani katunga?