Hadubini ya elektroni katika utafiti wa seli na tishu

Hadubini ya elektroni ni chombo kinachotumia mwali wa elektroni badala ya nuru ili kukuza taswira ya vitu vidogo mno. Katika utafiti wa tiba ndicho kilichofichua muundo wa ndani wa seli, maumbo ya virusi na, katika miaka ya karibuni, umbo la protini mojamoja. Mwali huo hufanya kazi ndani ya ombwe na huunguza kinachotazamwa. Kwa hiyo tishu lazima iandaliwe kwanza, na matokeo hutegemea maandalizi hayo sawa na yanavyotegemea mashine.

Kanuni na aina

Hadubini ya kawaida hushindwa kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi, hata lenzi zake ziwe bora kiasi gani. Mpaka huo unatokana na urefu wa wimbi la nuru. Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alipendekeza kwamba elektroni nazo zina tabia ya mawimbi. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 ina wimbi fupi kuliko sehemu moja ya mia ya nanomita, na kwa kuwa ina chaji, sumaku-umeme inaweza kutumika kama lenzi yake. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya kwanza ya aina hii mjini Berlin mwaka 1931. Kazi hiyo ilimpatia Ruska sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1986.

Aina kuu ni mbili. Katika hadubini ya kupenyeza, elektroni hupita ndani ya kipande chembamba cha tishu. Palipo na atomu nzito huonekana peusi. Katika hadubini ya kuskani, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1965, mwali hupitishwa mstari kwa mstari juu ya sampuli, na elektroni zinazoruka kutoka juu yake huchora taswira yenye vina na miinuko. Ya kwanza huonyesha yaliyomo ndani ya seli. Ya pili huonyesha sura yake ya nje.

Maandalizi ya sampuli

Kipande cha tishu, chenye unene wa takriban milimita moja, hutumbukizwa kwenye glutaraldehidi mara tu kinapotolewa mwilini. Kemikali hiyo hufunga protini zisisogee. Tetroksidi ya osimi hufuata. Hushika mafuta ya tando za seli na kuzifanya nyeusi. Kisha maji huondolewa kwa alkoholi, nafasi yake ikachukuliwa na resini, na kipande huokwa hadi kigande kuwa plastiki ngumu.

Hatua inayotaka mkono mwepesi ni ukataji. Kisu cha kioo au cha almasi hukata vipande vyenye unene wa nanomita 50 hadi 100, ambavyo huelea juu ya maji nyuma ya ukingo wa kisu. Fundi hupima unene kwa macho: rangi ya fedha inayong'aa juu ya maji ni dalili kwamba kipande kinafaa, na ya dhahabu humwambia kwamba ni kinene. Vipande huokotwa kwa kiwavu cha shaba chenye kipenyo cha milimita 3, kisha hutiwa chumvi za urani na risasi ili miundo ijitokeze. Picha inayopatikana ni nyeusi na nyeupe. Rangi zinazoonekana kwenye vitabu na magazeti huongezwa baadaye.

Kutoka seli nzima hadi viungo vyake

Kabla ya mbinu hizo kukamilika, watafiti walilazimika kutafuta seli ambazo tayari ni nyembamba. Mwaka 1945 Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam walitoa mjini New York picha ya seli nzima ya kiinitete cha kuku, iliyokuzwa hadi ikatandazika kiasi cha kupenywa na elektroni. Katika muongo uliofuata George Palade aliboresha matumizi ya osimi, akaeleza mikunjo ya ndani ya mitokondria na kuzitambua chembe ambazo leo huitwa ribosomu. Claude, Palade na Christian de Duve walituzwa Nobel mwaka 1974.

Kirusi kutoka uvimbe wa Uganda

Mfano mashuhuri wa uzito wa maandalizi ulianzia Kampala. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa saratani uliokuwa ukiota hasa kwenye mataya ya watoto. Machi 1961 mwanapatholojia Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia mjini London, akahisi kwamba huenda kirusi kinahusika. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Vilichunguzwa kwa hadubini ya elektroni kwa zaidi ya miaka miwili bila kuonekana kitu.

Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, kimiminika chake kilikuwa na ukungu wa kutia shaka, kana kwamba bakteria wameiharibu. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Zikakuzwa maabara, na Februari 1964 Epstein alipozitazama kwenye hadubini aliona chembe za kirusi cha jamii ya hepesi. Alisimulia baadaye kwamba aliuzima mwali kwa hofu ya kukiunguza alichokiona, akatoka kutembea kwenye theluji, ndipo akarudi kutazama tena. Matokeo yalichapishwa Machi mwaka huo pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr. Kirusi cha Epstein-Barr kikawa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ndani ya uvimbe wenyewe kirusi hicho hujificha, kwa kawaida bila kuunda chembe za kuonekana. Ni ukuzaji wa maabara uliokifichua.

Magonjwa mengine

Oktoba 1976 picha iliyopigwa na Frederick Murphy mjini Atlanta ilionyesha kirusi chenye umbo la uzi kutoka kwenye mlipuko wa Yambuku, Zaire. Ndicho kilichopewa jina la Ebola. Kwa malaria, hadubini ilionyesha vinundu kwenye seli nyekundu zilizoingiliwa na Plasmodium falciparum. Navyo husaidia seli hizo kung'ang'ania kuta za mishipa midogo. Mwaka 1969 Keith Vickerman alieleza koti la protini linalomfunika kimelea cha malale akiwa kwenye damu. Kimelea hulivua ndani ya utumbo wa mbung'o na kulivaa upya kwenye tezi za mate.

Hospitalini, matumizi makubwa ni katika magonjwa ya figo. Kuna ugonjwa unaovuja protini kwenye mkojo ambao kwa hadubini ya kawaida figo huonekana nzima. Hadubini ya elektroni huonyesha kwamba vijiguu vya seli za kichujio vimelala bapa.

Mipaka na njia mpya

Kemikali za kuhifadhi zinaweza kuzua visivyokuwepo. Vitabu vilifundisha kwa miaka mingi kwamba bakteria wana mikunjo ya utando iitwayo mesosomu. Bakteria walipogandishwa ghafla badala ya kutiwa kemikali, mikunjo hiyo haikuonekana.

Ugandishaji huo ndio msingi wa mbinu ya leo. Jacques Dubochet na wenzake waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 namna ya kugandisha maji haraka hata yasiunde fuwele, hivyo protini hubaki katika maji yake bila rangi wala resini. Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipata Nobel ya Kemia mwaka 2017, na Februari 2020 mbinu hiyo ilitoa umbo la protini ya mwiba ya kirusi cha UVIKO-19, iliyolengwa na chanjo nyingi. Hata hivyo seli inayotazamwa haiwi hai tena. Kwa mwendo wa seli hai watafiti hurudi kwenye hadubini ya nuru, na mara nyingi huzitumia zote mbili kwa sampuli moja.